Baiskeli Kuukuu ya Milimani: Ifungwe Spea Mpya au Iachwe Ilivyo?

Fremu ya chuma ya baiskeli ya milimani iliyotengenezwa kati ya mwaka 1980 na 1995 humaliza cheni kadhaa, matairi mengi na pengine pea mbili za rimu kabla yenyewe haijaonyesha dalili ya kuchoka. Ndiyo maana bado zipo nyingi. Zimeegeshwa kwenye mabanda ya nyumba za Marekani na Japani, zinauzwa kwenye minada ya mitandaoni, na nyingine huja Afrika Mashariki pamoja na mitumba mingine. Anayeipata moja iliyo nzima hukuta mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kuivua kila kitu, akaifunga gia, breki na usukani wa siku hizi. Anaweza pia kuitafutia spea za mwaka wake mpaka irudi ilivyotoka kiwandani. Kila njia ina wenyewe, na wenyewe hao hawaelewani. Hawa husema baiskeli imetengenezwa iendeshwe. Wale hujibu kwamba iliyoharibiwa leo haitatengenezwa tena.

Ubishi huo hauwezi kueleweka bila kujua baiskeli hizi zilikotoka. Baiskeli ya milimani ilizaliwa Marin County, kaskazini mwa San Francisco, California, katika miaka ya 1970. Vijana wa huko walikusanya baiskeli nzito za Schwinn za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zenye matairi mapana, wakazipandisha kwenye vilima vya Mlima Tamalpais na jirani zake, kisha wakateremka nazo kwa kasi. Oktoba 21, 1976 walianza mashindano kwenye njia ya vumbi iitwayo Repack, karibu na mji wa Fairfax, mteremko wa kilometa zipatazo 3.4 unaoshuka karibu meta 400. Breki ilikuwa ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Kufikia chini, kitovu cha gurudumu la nyuma kilikuwa kimepata moto hadi grisi ikatoa moshi, na ilibidi kifunguliwe na kujazwa grisi upya kabla ya kushuka tena.

Mwaka 1977 Joe Breeze, mmoja wa washindani hao, aliunda fremu mpya kabisa ya chuma cha kromoli kwa ajili ya njia hizo, badala ya kuokoteza ya zamani. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua kampuni iliyoitwa MountainBikes, wakauza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey. Hizo zote zilikuwa kazi za mikono na bei yake haikuwa ya kila mtu. Mlango ulifunguka mwaka 1981, Specialized ya Mike Sinyard ilipoleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani na kuuzwa kwa dola 750 hivi. Spea zake zilikuwa za kukusanya huku na huko: kranki za TA na breki za Mafac kutoka Ufaransa, mikono ya breki ya aina ya pikipiki, vihamisha cheni vya SunTour kutoka Japani. Mwaka uliofuata Shimano ikatoa Deore XT, seti ya kwanza ya kampuni hiyo iliyobuniwa mahususi kwa baiskeli za milimani.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Hataza iliyolinda kihamisha cheni cha mshazari cha SunTour, kilichobuniwa mwaka 1964, iliisha muda wake mwaka 1984. Shimano ililichukua umbo hilo na kuliunganisha na swichi zinazobofya, ambazo humwondolea mwendeshaji kazi ya kuitafuta gia kwa kubahatisha. SunTour haikupata nafuu tena, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 jina hilo kubwa lilikuwa limeshuka kabisa. Mwaka 1989 RockShox ilitoa foko ya shokapu ya RS-1, na mwaka mmoja baadaye Greg Herbold aliitumia kushinda mbio za mteremko katika mashindano ya dunia ya Durango, Colorado. Zikafuata beringi za usukani zisizo na nyuzi, kisha, mwaka 1996, breki za V. Kufikia wakati huo alumini ilikuwa imeshakisukuma chuma pembeni kwenye maduka mengi.

Matokeo yake ni kwamba baiskeli ya mwaka 1984 na ya mwaka 1994 hufanana kwa mbali, lakini spea zao mara nyingi haziingiliani. Nafasi ya ekseli ya nyuma ilipanuka kutoka milimita 126 au 130 hadi 135. Bomba la foko lilitoka inchi 1 likaenda inchi 1 na 1/8, na katika kipindi hicho Fisher alijaribu kipimo cha inchi 1 na 1/4 ambacho hakikudumu na ambacho leo humtoa jasho kila anayekitafutia beringi. Anayenunua spea kwa kuangalia jina la baiskeli bila kupima hupoteza fedha mara mbili, ya kununua na ya kurudisha.

Hatua ya kwanza basi ni kujua kilichopo mkononi, na stika si shahidi wa kutosha. Stika iliyoandikwa Tange Prestige, Reynolds au True Temper inaweza kuwa imebandikwa jana. Nguzo ya kiti husema zaidi. Bomba la kiti la fremu nyingi za chuma lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Nguzo ikichomolewa na kupimwa kwa kalipa ya venia, hesabu inabaki ya kutoa na kugawa: nguzo ya milimita 27.2 maana yake ukuta wa bomba ni milimita 0.7 tu, chuma cha hali ya juu, ya 26.8 ni ukuta wa 0.9, bado nzuri, ya 25.4 ni ukuta wa milimita 1.6, yaani bomba nene la chuma cha kawaida, zito na la bei nafuu. Isipokuwa kama mwenye baiskeli wa zamani alifunga nguzo isiyo saizi yake na kuibana kwa kipande cha bati, jambo ambalo si geni hata kidogo.

Kishikilia ekseli cha nyuma nacho hueleza. Kilichofuliwa kwa kipande kinene ni dalili ya fremu nzuri, kilichokatwa kwenye bamba bapa na kupondwa kwenye ncha ya bomba ni dalili ya fremu ya bei ya chini. Umri wa spea za Shimano hujulikana kwa herufi mbili zilizogongwa kwenye chuma. Herufi ya kwanza ni mwaka, kuanzia A ya 1976, na ya pili ni mwezi, kuanzia A ya Januari. Kranki yenye MC ilitengenezwa Machi 1988. Herufi za kranki, za vitovu na za vihamisha cheni zikiwa karibu karibu, upo uwezekano mkubwa kwamba seti haijavunjwa. Zikipishana kwa miaka sita, basi fundi fulani alishapita hapo.

Baada ya utambulisho huja afya, na hapo ndipo wengi huharakisha. Fremu iliyogonga ukuta au gari uso kwa uso hukunjika mahali pamoja: upande wa chini wa bomba la chini, sentimita chache nyuma ya bomba la usukani. Kidole kikipitishwa taratibu hapo hukuta kikunjo au uvimbe hata pale ambapo jicho halioni kitu, na mara nyingi rangi huwa imepasuka kwa mistari myembamba inayozunguka bomba. Foko iliyorudi nyuma ni ndugu wa tatizo hilohilo. Fremu ya namna hiyo haifai kuhifadhiwa wala kusasishwa kwa ajili ya kuendeshwa, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani.

Kutu ya juu juu si kitu. Kutu ya ndani ndiyo inayoua, na hujikusanya pale maji yanapotuama, yaani chini kabisa panapokaa ekseli ya kranki na kwenye mabomba ya nyuma yanayotokea hapo. Fundi mwenye uzoefu hutoa beringi za kranki, humulika ndani kwa tochi, kisha hugonga mabomba kwa kitu kidogo cha chuma kama bisibisi. Bomba zima hulia. Lililoliwa hutoa sauti iliyokufa, na wakati mwingine bisibisi yenyewe huzama. Baiskeli zilizoishi pwani, iwe California au Tanga, zahitaji uangalizi huu zaidi kwa sababu chumvi haichagui bara.

Nguzo ya kiti iliyoganda huamua hatima ya baiskeli nyingi. Nguzo ni ya alumini, fremu ni ya chuma. Unyevu na chumvi vikiingia kati yao, alumini hulika na kufanya unga mweupe unaovimba na kubana. Wa haraka huingiza nguzo kwenye vaisi na kuinyonga fremu nzima, na mara nyingine kinachovunjika ni fremu. Mwenye subira huitoa beringi ya kranki, huigeuza baiskeli juu chini, humwaga mafuta ya kupenyeza kwenye bomba la kiti kupitia tundu la kranki, na kuiacha siku kadhaa. Baridi nayo husaidia, maana alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma joto linaposhuka kwa kiasi kilekile. Ikishindikana kabisa, nguzo hukatwa na kubaki kigutu, ambacho hupasuliwa kwa ndani kwa msumeno wa chuma. Magadi makali ya viwandani huiyeyusha alumini na kukiacha chuma, lakini huunguza ngozi na macho, hutoa gesi inayoshika moto na hula rangi ya fremu. Hiyo si kazi ya uani penye watoto.

Fremu ikishapita mitihani hiyo, swali la kuhifadhi au kusasisha huwa na maana. Zipo ambazo jibu lake halina mjadala. Kazi za mwanzo za Breeze, za Ritchey na za kampuni ya MountainBikes ni chache, na kila moja inabeba sehemu ya historia. Marin Museum of Bicycling, iliyofunguliwa Fairfax mwaka 2015, imejengwa juu ya vitu vya aina hiyo. Stumpjumper za miaka ya mwanzo zenye spea zake za kuokoteza zimo kundi hilo, na pia MB-1 za Bridgestone, zilizosimamiwa na Grant Petersen kabla ya Bridgestone kufunga biashara yake ya baiskeli Marekani mwaka 1994. Petersen alishikilia chuma na swichi sahili wakati wenzake wote wakikimbilia kwingine, na mnunuzi wa MB-1 leo ananunua msimamo huo pamoja na mabomba. Kuichomelea kitu baiskeli ya namna hiyo ni hasara kwa mwenyewe hata kwa hesabu ya fedha peke yake.

Uchache wa idadi si kigezo pekee. Baiskeli ya kawaida kabisa ya mwaka 1988 iliyobaki na kila spea yake ya kwanza, hadi mipira ya mikononi na stika za rimu, ni adimu kuliko baiskeli ghali iliyobadilishwa nusu, kwa kuwa ya kwanza ilitengenezwa kwa maelfu lakini zilizonusurika bila kuguswa zinahesabika. Spea hizo zikitenganishwa, kuzikusanya tena ni kazi ya miaka. Rangi ina uzito wa pekee. Mkusanyaji huipenda rangi ya kiwandani yenye mikwaruzo kuliko rangi mpya inayong'aa, kwa sababu rangi mpya huweza kupulizwa wakati wowote na ya kwanza haipulizwi mara ya pili. Palipochubuka hutiwa tone la rangi inayolingana au nta tu ili kutu isiendelee. Kutu iliyoshika kromu na vipande vya chuma hulainishwa kwa asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji, inayoila kutu bila kuila rangi kwa kiasi kikubwa, mradi kipande kisuuzwe na kukaushwa vizuri. Ndani ya mabomba hupakwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa; yakikauka huacha utando mgumu unaokinga dhidi ya unyevu.

Kuhifadhi, hata kwa ukali wa makumbusho, hakuhusu vitu vinavyolika. Tairi la mwaka 1985 limekauka na kupasuka pembeni, pedi za breki zimekuwa ngumu zisizoshika rimu, waya wa breki una kutu ndani ya koti lake. Baiskeli ya kutazamwa inaweza kusimama na vitu hivyo. Ya kuendeshwa haiwezi, na hakuna mkusanyaji makini anayemlaumu mtu kwa kubadilisha tairi, tyubu, pedi, waya na cheni.

Kwa upande wa pili yapo makundi makubwa ya baiskeli nzuri za miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990 ambazo hazina jina la ajabu, spea zake zimeshachanganywa, na rangi imepulizwa angalau mara moja. Kuzirudisha kiwandani ni gharama isiyo na faida. Swichi za kidole gumba za Deore XT za enzi hizo, zikiwa katika hali nzuri, zinaweza kuuzwa bei inayokaribia ya baiskeli nzima ya aina hii. Fremu kama hizo zinafaa kusasishwa, na chuma huruhusu mengi, ila hakiruhusu yote.

Mabadiliko yenye faida kubwa kuliko yote ni madogo. Pedi mpya za mpira laini, waya mpya na koti lake, na tairi zuri la upana wa inchi 2.1 hufanya tofauti ambayo mwendeshaji huihisi kabla hajafika mwisho wa mtaa. Mikao ya zamani ilimlaza mtu mbele: shingo ya usukani ndefu ya milimita 130 au zaidi, na usukani mwembamba usiofika sentimita 60. Kuna kiungio cha alumini kinachoingia kwenye foko ya zamani, chenye kipenyo cha milimita 22.2 kwa foko ya inchi 1 na 25.4 kwa ile ya inchi 1 na 1/8, ambacho hupokea shingo fupi ya kisasa na usukani mpana. Kazi hiyo humalizika kwa spana moja ya pembe sita, na hurudishwa nyuma kwa spana hiyohiyo.

Gia ni habari ndefu kidogo. Baiskeli nyingi za kundi hili zina gia saba nyuma. Kaseti ya gia nane, tisa au kumi haikai juu ya kitovu cha gia saba, kwa sababu sehemu inayobeba kaseti ni fupi kwa milimita zaidi ya nne. Atakaye gia nyingi hubadilisha gurudumu la nyuma, na gurudumu la kisasa la aina hiyo lina ekseli ya milimita 135. Fremu ya 135 hulipokea mara moja. Fremu ya 130 yahitaji kupanuliwa, na hapa ndipo chuma huonyesha ubora wake: kromoli hukunjwa taratibu ikiwa baridi na kukaa ilipokunjwa, wakati alumini na kaboni haziruhusu mchezo huo.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Fremu huvuliwa, hulazwa, na kila upande wa nyuma husukumwa peke yake, kwa mfano kwa ubao mrefu ulioingizwa kati ya mabomba. Jumla ni milimita tano, hivyo kila upande unatakiwa kusogea mbili na nusu. Chuma hurudi kama springi, kwa hiyo husukumwa mbali zaidi ya kipimo, huachiwa, hupimwa, kisha husukumwa tena kidogo. Anayesukuma pande zote mbili kwa pamoja kwa jeki hujidanganya, maana upande dhaifu ndio utakaosogea na gurudumu litakaa upande. Mwisho uzi hufungwa kutoka kishikilia ekseli cha kulia, huzungushwa mbele ya bomba la usukani na kurudishwa kwenye kishikilia cha kushoto. Umbali kati ya uzi na bomba la kiti hupimwa kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Kinachosahaulika mara kwa mara ni kwamba vishikilia ekseli vyenyewe sasa vinatazama pembeni, na lazima vikunjwe vikae sambamba, la sivyo ekseli itakatika baada ya muda. Milimita tano ndizo zinazokubalika na wengi. Kutoka 130 hadi 148, kipimo cha baiskeli nyingi za leo, si kukunja tena bali ni kuharibu.

Anayeogopa kupanua anayo njia nyingine ya kusasisha gia bila kuigusa fremu. Swichi ya zamani ya msuguano, isiyobofya, haijali idadi ya meno wala chapa ya kaseti; waya huvutwa mpaka cheni itulie. Baadhi ya swichi za Deore XT za miaka ya mwisho ya 1980 zilikuwa na kitufe cha kuchagua kubofya au kutobofya, na hilo limezifanya zidumu kuliko mifumo mingi iliyokuja kuzirithi. Anayemiliki SunTour inayobofya yuko pabaya zaidi: mapengo ya gia zake hayafanani na ya Shimano, na kaseti yake ikilika, msuguano ndio unaobaki.

Breki za kantileva za zamani, zikifungwa vizuri, husimamisha baiskeli vya kutosha. Mafundi wa leo wengi hawajawahi kuzifunga, na lawama huiangukia breki. Atakaye breki za V lazima abadilishe pia mikono yake. Breki ya V huhitaji waya uvutwe mwingi zaidi. Ikifungwa kwenye mkono wa zamani, pedi hulazimika kukaa zikikaribia kugusa rimu, kisha hushika ghafla mno kiasi cha kumrusha mtu. Ikifanywa kinyume, yaani mkono wa V kwenye kantileva, mkono huhisi mgumu na baiskeli haisimami. Jambo la pili la kupimwa ni vijiti vinavyobeba breki. Kwenye foko za mwanzo vimekaribiana kuliko vya baadaye, milimita 60 na ushee badala ya 80, na breki ya V hukaa hapo kwa shida.

Kuhusu diski, jibu la kweli kwa fremu nyingi za zamani ni hapana. Breki ya rimu huugawa mzigo kwa pande zote mbili juu, karibu na taji la foko. Diski huuweka mzigo wote kwenye mguu mmoja, chini, mahali ambapo bomba la foko ya zamani limefanywa jembamba makusudi ili lipunguze mtikisiko. Fundi wa kuchomelea aliyeko barabarani anaweza kubandika kipande cha kushikilia breki kwa nusu saa. Anachobandika juu yake ni bomba lenye ukuta mwembamba, na joto lisilodhibitiwa hulidhoofisha pembeni mwa kiungo. Aliyedhamiria hununua foko mpya yenye nafasi ya diski, akaiacha ya kwanza bila kuguswa.

Foko mpya nayo ina masharti. Fremu iliyochorwa kabla ya shokapu ilitegemea foko fupi ya chuma. Ikifungwa foko ya shokapu ya kisasa yenye mwendo wa milimita 100, pua ya baiskeli hupanda kwa sentimita kadhaa. Kwa kadirio la mafundi, kila milimita 20 za kupanda huilaza pembe ya usukani kwa digrii moja hivi. Baiskeli iliyokuwa nyepesi kugeuka huwa nzito na hutangatanga kwenye mlima. Vilevile wenzo mrefu huivuta kwa nguvu sehemu ileile ya bomba la chini iliyotajwa hapo juu. Kwa maoni ya mafundi wengi foko ngumu ya chuma, pamoja na tairi pana lisilojazwa upepo kupita kiasi, ndiyo inayoifaa fremu ya mwaka 1986.

Magurudumu makubwa ya siku hizi huvutia wengi. Rimu ya inchi 26 ina kipenyo cha milimita 559 panapokaa tairi, ya 27.5 ina 584, na ya 29 ina 622. Kutoka 559 hadi 584 rimu hupanda milimita 12.5 kila upande, na pedi za breki hazifiki tena. Kwa 622 hupanda 31.5, na hapo tairi pana hugusa fremu. Inchi 26 imeachwa na watengenezaji wa baiskeli ghali, si na dunia. Wazungukaji wa dunia kwa baiskeli waliichagua kwa miaka mingi kwa sababu tairi lake hupatikana vijijini, na Afrika Mashariki hali bado ni hiyo: duka la spea lisilo na tairi la 29 kwa kawaida lina la 26, likiwa kando ya lile la 28 la baiskeli nyeusi za mizigo. Kwa mwenye baiskeli ya mtumba Morogoro au Kisumu, kuhama 26 ni kuhama sokoni.

Fundi wa huku ana faida nyingine ambayo mkusanyaji wa San Francisco hana. Amezoea gololi huru zisizoshikwa na kizimba cha plastiki, grisi, nati za kukazwa mbili mbili na koni za kurekebishwa kwa hisia ya vidole. Vitovu na beringi za kranki za miaka ya 1980 ni vya aina hiyo hasa. Hufunguliwa, husafishwa kwa petroli au mafuta ya taa, hubadilishwa gololi na kufungwa tena, wakati beringi nyingi za kisasa hutupwa zikichoka. Kuziondoa hizo kwa jina la usasa, na kuweka za kutupwa, ni kurudi nyuma.

Kati ya ncha hizo mbili, kuhifadhi kila kitu na kubadilisha kila kitu, wengi huishia kusasisha kwa namna inayorudishika. Hufunga kinachofungwa kwa boliti, hawatoboi, hawakati wala kusaga kwa tupa, hawachomelei. Vijiti vya breki na vibebea waya vilivyochomelewa kwenye fremu huachwa hata visipotumika. Kilichotolewa husafishwa, hupakwa mafuta, hufungwa kwenye gazeti na kuwekwa kwenye sanduku moja pamoja na boliti zake. Boliti hutajwa makusudi, kwa sababu kipande kidogo cha pembetatu kinachobeba waya wa kantileva au nati ya kranki ya Kifaransa yenye nyuzi zake za pekee hukosekana sokoni kuliko kranki yenyewe. Baiskeli ikiuzwa, sanduku huenda nayo, na bei hupanda.

Fremu zilizopinda au kuoza ndani hutoa spea za kuhudumia nyingine: vitovu, swichi, mikono ya breki, nguzo ya kiti yenye kipimo adimu, hata vikombe vya beringi za usukani. Mwenye Fisher ya inchi 1 na 1/4 huwa na sababu ya kununua maiti kama hiyo hata asipokuwa na mpango wa kuigusa fremu yake, kwa kuwa vikombe vile havitengenezwi tena kwa wingi na hulika bila taarifa.